Mwaka Nilioambiwa Nakonyeza

"Mathe, fungua hiyo jicho ya left kidogo," mpiga picha aliniambia, na wanawake wote wa safu ya mbele wakageuka kunitazama. Ilikuwa harusi ya mjukuu wa Mama Nuria, katika ukumbi mmoja hapa Kitengela, saa nane mchana, tumeshiba wali na nyama ya ngamia na kila mtu anatafuta mahali pa kuegemea. Kijana hakuwa na ubaya. Aliona kwenye kamera yake mwanamke mtu mzima aliyevaa vizuri, jicho moja liko wazi na la pili limelala nusu, akadhani nimeanza kusinzia. Nikamwambia jicho hilo limekuwa hivyo kabla yeye hajazaliwa, apige tu, na picha ikitoka nzuri siku yake ya kuoa nitamtafutia mbuzi ambao wakwe zake watawasimulia. Watu wakacheka. Mama Nuria, aliyekaa bega kwa bega nami, hakucheka. Sukari imemmaliza macho na siku hizi haoni hata mwanga wa dirisha, lakini masikio yake ni yale yale. "Amesema nini juu ya jicho?" aliuliza. Nikamwambia. Akaanza kuvuta ncha ya shali yake, na mimi ninayemjua najua kwamba akivuta ncha ya shali kuna neno limemkaa kooni.

Mwaka jicho lilipolala nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa dalali wa mbuzi katika soko la mifugo la Kajiado. Nilipanga chumba Kitengela, na siku ya soko nilipanda basi la Namanga mapema nikashuka Kajiado kabla vumbi halijaamka. Wanawake tuliofanya kazi hiyo tulihesabika, na sitajifanya mnyenyekevu: nilikuwa hodari. Nilimpapasa mbuzi mgongoni mara moja, nikamwangalia anavyosimama, nikakwambia atatoa nyama kiasi gani, na mchinjaji akija kupima alikuta nimekadiria karibu kabisa. Lakini kumjua mbuzi ni nusu ya kazi. Dalali anasimama katikati ya muuzaji na mnunuzi, na wote wawili wanausoma uso wake. Siku zile walikuwepo madalali walioishi kwa kukonyeza. Mzee anataja bei yake, dalali anamfumbia mnunuzi jicho moja, na mnunuzi anajua asipande tena, mzee ametembea tangu jana, amechoka, atashuka mwenyewe. Mimi sikukonyeza. Watu walilijua hilo, na kwa sababu hiyo wazee waliwapita madalali wanaume watano na kuja kusimama mbele yangu. Uso wangu ndio uliokuwa duka langu.

Rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, lilinitoka pole pole. Kwa muda mrefu nililificha chini ya shanga pana za shingo, mpaka shanga zikaanza kunibana na nikilala chali naona pumzi inapita kwa shida. Madaktari wa Nairobi waliniambia litolewe, nami sikubishana, nilitaka kupumua. Nakumbuka wodi ile kuliko ninavyokumbuka maumivu: vitanda vilivyopakwa rangi ya maziwa, uji uliokuja vuguvugu katika vikombe vya plastiki, na mama mmoja wa Rombo kitanda cha pili, mkulima wa vitunguu, aliyekuwa akizungumza na kila mtu aliyepita hata kama ni kigari cha chakula. Siku ya pili baada ya operesheni, nimefungwa shingo na nimekaa kitako, alinitazama akaacha kutafuna mkate. "Dada, mbona hilo jicho limeshuka?" Akanipa kioo chake kidogo cha mkobani. Ukope wa kushoto ulikuwa umeteremka kama pazia lililochomoka kulabu moja. Nikauinua kwa nia, ukapanda kidogo, ukarudi. Na mboni ya upande ule ilikuwa ndogo kuliko mwenzake, kidoa tu.

Daktari aliyenipasua alikuja mwenyewe, akavuta kiti. Sijamsahau kwa hilo, kwamba alivuta kiti. Alinieleza kwamba kuna neva nyembamba sana inayotoka kifuani, inapanda shingoni karibu na mshipa mkubwa wa damu, inakwenda mpaka usoni. Kazi yake ni kusaidia kuinua ukope, kuipanua mboni gizani, na kuutoa jasho upande wake wa uso. Rovu langu lilikuwa kubwa, lilikaa karibu nayo, na katika kulitoa neva imevutwa au imeumia. Ni jambo la nadra, alisema, lakini hutokea. Nikauliza kama nitakuwa kipofu. Hapana, kuona kutabaki kama kulivyokuwa. Nikauliza kama litapona. Alisema neva hujirudia taratibu, tungoje miezi, wengine hurudi sawa, wengine hawarudi, na upande wangu hawezi kuapa. "Kazi yako ni gani?" aliuliza. Nilipomwambia ni dalali wa mbuzi alitabasamu kwa faraja, akasema basi kazi haitadhurika. Nilimsamehe. Yeye alisomea shingo, hakusomea soko la Kajiado.

Chumba changu Kitengela kilikuwa cha mabati, na ukuta wa mabati hauna siri. Wiki zile za kupona nilisikia maisha yangu yakisimuliwa upande wa pili, na kijiko kikigonga sufuria. "Walimkata neva ya macho." "Siyo, amepigwa na mtu, ameona haya kusema." "Wewe, mtu atapigwa jicho na afungwe shingo?" Nilicheka peke yangu mpaka mshono ukauma. Kila asubuhi nilimeza kidonge kimoja kabla ya chai, kama ninavyomeza hadi leo, kisha nikaketi mlangoni kuangalia mbuzi wakipitishwa kwenda machinjioni, nikiwakadiria mmoja mmoja ili nijue macho yangu bado ni yangu. Yalikuwa yangu. Nilichogundua cha ajabu ni jasho. Nikisonga ugali, upande wa kulia wa uso ulitiririka na wa kushoto ukabaki mkavu, mstari umepita katikati ya paji kana kwamba umechorwa kwa rula. Niliogopa siku ya kwanza. Siku ya pili nililia, nalia nikisonga, maana sikuwa nimelia hospitalini na kilio kilikuwa kimelimbikizana. Siku ya tatu nilisema basi, nimechoka kukaa ndani, nitarudi sokoni na uso nilio nao.

Nilirudi siku ya soko, na kwanza nikapitia kwa Mama Nuria. Wakati ule hakuwa na miaka arobaini. Alikuwa mfanyabiashara kutoka kaskazini mashariki, na ndiye aliyenunua mbuzi wengi kupitia kwangu. Nyuma ya duka lake la nguo pale Kajiado kulikuwa na chumba chenye mkeka, mito miwili, na chupa ya chai isiyokauka, chai ya tangawizi na iliki inayokwaruza koo vizuri. "Abaayo!" aliniita kama alivyozoea, dada. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango, akanitazama jicho muda mrefu mpaka nikaona haya. "Inauma?" Nikasema haiumi, imelala tu. Akanimiminia kikombe kingine, tukatoka pamoja kwenda sokoni.

Aliyekuja mbele yangu asubuhi ile alikuwa Mzee Ole Sankale, kutoka upande wa Bisil, mzee mrefu aliyeongea kidogo na kuheshimiwa na soko zima. Nilimwinamia kichwa kama wadogo tunavyowasalimu wazee kwetu Umaasaini, naye akaniwekea kiganja utosini, kizito, chenye joto, akaniuliza habari za ugonjwa. Alileta mabeberu saba ambao ningeweza kuwauza nikiwa nimefumba macho yote mawili. Nikasimama katikati yake na Mama Nuria. Jua lilinipiga usoni kutoka upande wa kushoto, vumbi likapita, nikafinya macho. La kulia lilifunguka haraka. La kushoto lilibaki chini, likachukua muda wake, likapanda. Wakati ule ule Mama Nuria, aliyekuwa akipanda bei vizuri, akanyamaza. Akakunja mikono. Mzee alinitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama tena, na upande wangu wa kulia ukaanza kutoka jasho.

"Hii mama ananikonyeza," alisema. Hakupaza sauti, lakini watu walisikia. "Anakonyeza Msomali, Msomali ananyamaza. Mimi naona."

"Mzee, ni ugonjwa. Ni operesheni, jicho haliinuki."

"Jicho ya ugonjwa inafunga saa ile ile ya bei?" Akawapigia mluzi mbuzi wake. "Na angalia, inatoa jasho nusu. Nusu inaogopa, nusu haina haya."

Nilimkimbilia nikamwinamia kichwa kumuaga, kwa sababu mzee hawezi kuacha kichwa kilichoinama mbele yake, ndivyo nilivyoamini. Aliniacha. Nilibaki nimeinama katikati ya soko nikitazama kandambili zake za matairi zikienda zake, na kwa muda sikujua nitasimamaje. Sijawahi kuaibika vile, kabla wala baadaye. Kuanzia wiki ile wauzaji walinizunguka kama wanavyozunguka tope. Walinisalimu, waliniuliza hali, kisha wakapeleka mbuzi kwa wengine. Kwenye banda la chai nilisikia wakisema nyuma ya turubai, "Sopia alikuwa mzuri, lakini hospitali imemfundisha," wakacheka. Sopia ni mimi. Niliweka kikombe chini nikaondoka na chai ikiwa nusu.

Niliingia kwa Mama Nuria nikiwa na hasira za kutosha watu wawili. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Alikuwa akikunja vitambaa, hakuinua uso. "Nilidhani umenikonyeza, abaayo. Nikasema labda leo Sopia amebadilika." Nikamwambia basi twende kwa Mzee, amweleze kwamba alikosea. Akatikisa kichwa. "Mimi nikimwambia, atasema tumekubaliana tena. Neno langu litakuzika." Ilikuwa na mantiki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikaketi mkekani nikamwambia nitarudi Kitengela niuze mitumba. Hapo ndipo alipoacha kukunja vitambaa. Akaketi mbele yangu, akatandaza shali yake juu ya magoti yetu wote wawili, akaingiza mkono chini yake na kuushika wangu.

"Kwetu," alisema, "mbuzi na ngamia hauuzi kwa uso. Uso ni ya nini? Uso inadanganya, hata bila ugonjwa. Lete vidole."

Nilikuwa nimewaona wafanyabiashara wa kwao wakishikana mikono chini ya kitambaa, nikidhani ni salamu ndefu. Siku ile nilifundishwa. Kidole kimoja kikishikwa, viwili, vitatu, vyote. Kidole kikikunjwa ni nusu. Na ukubwa wa hesabu, kama ni mamia au maelfu, kila mmoja anaujua kwa mnyama aliyesimama mbele yake. Kukataa ni kuchomoa mkono. Kukubali ni kuufunga mkono wa mwenzako ndani ya wako na kuutikisa mara moja. Na kuna moja iliyonipendeza kuliko zote: ukimpa mwenzako kiganja wazi, bila kubonyeza kidole chochote, umemwambia taja wewe, nitakubali lolote. "Hiyo usimpe mtu ovyo," Mama Nuria alinionya. "Hiyo ni ya siku moja kwa maisha."

Tulifanya mazoezi karibu kila siku ya soko, kwenye mkeka ule, chai ikipoa, yeye akiniuzia mito na mimi nikimuuzia viatu vyake mwenyewe. Vidole vyangu vilikuwa vizito mwanzoni, halafu vikachangamka. Nikaanza na wanawake waliokuja na mbuzi mmoja au wawili, kwa sababu wanawake hawakuwa na fahari ya kupoteza kwa kujaribu. Nilivua shuka yangu nyekundu, nikaifunika mikono yetu, nikasema: usiniangalie mimi, mwangalie mbuzi wako. Nilimshika muuzaji nikajua anataka nini, nikaenda kumshika mnunuzi nikajua atatoa nini, na hakuna aliyepita karibu aliyejua chochote. Madalali wa kukonyeza waliudhika sana, kwa sababu hawakuwa na cha kuchungulia. Walicheka kwamba nimesilimu. Niliwaambia wanishike mkono basi niwafundishe, hakuna aliyekuja. Neva haikurudi. Niliacha kuingoja mahali fulani katikati ya mwaka, sikumbuki siku, nakumbuka tu kwamba asubuhi moja nilichana nywele bila kulikagua jicho.

Siku moja ya soko, nikiosha vikombe vya Mama Nuria kwenye beseni, nilimwona akimshika msichana mmoja kidevu na kumgeuza kwenye mwanga wa mlango, akamtazama jicho lililoingia uchafu. Mikono yangu ikasimama majini. Alikuwa amelitazama langu vile vile, mahali pale pale, asubuhi ile ya Mzee. Aliniuliza kama linauma. Basi alipokunja mikono sokoni alijua vizuri kwamba sikumkonyeza. Aliona mzee ameshtuka, aliona bei inaweza kushuka, akanyamaza. Nilisuuza kikombe, nikakipangusa, nikakiweka mahali pake. Ningeweza kusema. Lakini nilikuwa na ustadi mpya vidoleni, niliopewa na mtu yule yule, na niliona kwamba amekuwa akinilipa tangu siku ile bila kutaja anacholipia. Nikaamua kungoja aseme mwenyewe. Sikujua nitangoja kiasi gani.

Ukame ulipoingia, Mzee Ole Sankale alirudi na mbuzi wengi zaidi, mbavu nje, na hakuwa na nafasi ya kuwarudisha nyumbani. Madalali walimzonga wote, kila mmoja akimtazama mwenzake juu ya bega lake. Alisimama muda mrefu akiegemea fimbo. Kisha akawapita, akaja kwangu, akageuza uso pembeni. "Nasikia wewe siku hizi unauza na mkono."

"Ndiyo, Mzee."

"Jicho sitaki kuona."

"Hutaliona, Mzee. Angalia mbuzi wako."

Nilifunika mikono yetu kwa shuka, nikamweleza maana ya kila kidole. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu kama ubao wa kukatia nyama. Sikumbembeleza wala sikumhurumia, nilimfanyia kazi yake. Nilikwenda kwa mnunuzi mmoja, nikarudi; nikaenda kwa wa pili, mgeni kutoka upande wa Kimuka, nikarudi; na kila nilipobonyeza nilimletea bei ya juu kuliko iliyotangulia. Mara ya tatu vidole vyake vilitulia ndani ya vyangu, akapumua. Akaufunga mkono wangu akautikisa mara moja, vizuri kabisa, kana kwamba amezaliwa akifanya hivyo. Kisha akageuka akanitazama usoni, jicho la kulia, jicho la kushoto, bila haraka. "Entito ai," alisema, binti yangu, "hiyo jicho ni ugonjwa kweli." Nilitaka kumjibu kwa maneno mengi niliyoyapanga kwa miezi. Badala yake nikainamisha kichwa, na kiganja kile kikashuka utosini mwangu, kikakaa. Nililia mbele ya soko zima, machozi yakitoka pande zote mbili sawasawa, nikashukuru angalau hayo hayakuguswa na kisu.

Huo ndio mwaka ulionifanya mimi. Baadaye nilipata wateja mpaka Namanga, nikafundisha wasichana, nikajenga nyumba hapa Kitengela isiyo ya mabati. Mara mbili madaktari wameniambia ukope unaweza kuinuliwa kwa operesheni ndogo, na mara mbili nimewashukuru nikaenda zangu. Si ujasiri, ni kwamba nimelizoea, na linapumzika kabla yangu.

Ndani ya ukumbi mpiga picha alikuwa bado anahangaika na wajomba wa bwana harusi, akiwapanga kwa urefu. Mama Nuria alikuwa bado anavuta ncha ya shali. "Abaayo," alisema kwa sauti ndogo, uso wake umeelekea mbele mahali asipoona kitu. "Siku ile ya Mzee. Mimi nilijua. Niliiona jicho asubuhi, nikakupa chai, nikajua ni ugonjwa. Nilinyamaza nipate wale mbuzi. Mbuzi saba, abaayo. Na sikuwapata hata hao." Alingoja, na kwa vile haoni, hakuwa na uso wangu wa kusoma. Kisha nikahisi shali yake inateleza juu ya magoti yangu, na mkono wake ukanitafuta chini ya kitambaa, mwembamba sasa, ngozi imelegea. Uliupata wangu. Haukubonyeza kidole hata kimoja. Uliniwekea kiganja wazi, ukakaa hivyo.

Nilimwacha asubiri kidogo, kwa sababu mimi ni dalali na sikubali haraka. Mpiga picha akatuinulia mkono, akasema tuangalie huku wote, tucheke. Nikaufunga mkono wa Mama Nuria ndani ya wangu, nikautikisa mara moja.